Barua ya babu ilichukua wiki mbili na hakufutwa

Nilifutwa kazi Jumapili asubuhi, nikiwa kwa susu huku Mwingi. Ilikuwa kazi ya mtandaoni. Bosi alituma barua pepe Jumamosi saa nne usiku, mimi nimelala. Kuamka napata tatu, ya mwisho ni ya kuniaga.

Susu alinicheka. Babu alikuwa akifanya kazi Mombasa, na barua zake zilipitia sanduku la posta hapa mjini. Wiki mbili kwenda, zingine mbili jibu kurudi. "Na hii nyumba ilijengwa hivyo hivyo," akaniambia.

Sasa wasee, hii haraka ilitoka wapi? Mwaka wa 1971, Mmarekani Ray Tomlinson alituma barua pepe ya kwanza kutoka kompyuta moja hadi nyingine. Hakuweka saa ya kujibu. Hapa Kenya, lile shirika moja la posta na simu liligawanywa 1999. Mwaka wa 2000, Safaricom na KenCell zikaanza kuuza laini. Mwaka wa 2009, nyaya za SEACOM na TEAMS zikafika Mombasa kupitia baharini, intaneti ikashika kasi. Kisha simu janja zikajaa, na barua pepe ikatoka kwa meza ya ofisi ikaingia mfukoni.

Hapo ndipo tuliibiwa. Zamani umbali ndio ulitulinda. Hakuna bosi angekasirikia basi la Mombasa. Umbali ulipoisha, hakuna aliyeketi chini kukubaliana ni nini kichukue nafasi yake.

Wengine walijaribu. Ufaransa, tangu Januari 2017, sheria inataka kampuni zenye wafanyakazi 50 na zaidi zijadiliane nao kuhusu haki ya kuzima mawasiliano ya kazi. Kwetu, 2022, Seneta Samson Cherargei alipeleka Seneti mswada wa kumpa mfanyakazi haki kama hiyo.

Mimi sikungoja Seneti. Siku hizi kabla ya kuanza kazi nauliza: barua pepe ijibiwe ndani ya masaa mangapi? Na kama ni dharura, utanipigia? Tunaandika, tunakubaliana. Hilo swali limeninyima kazi mbili, siwadanganyi. Lakini ya tatu ndiyo ninayofanya sasa, na Jumamosi usiku nalala.

Wewe je, bosi wako alishakwambia saa, ama unakisia tu?