Mono na poli: muundo wa fuwele ni mmoja

Ukipita Birere, mtaa wa biashara wa Goma unaopakana na Gisenyi, utasikia neno "mono" kila penye plake, yaani paneli, za jua. "Papa, hii ni mono, ile ni poli. Mono iko nguvu." Muulize muuzaji tofauti ni nini, naye atakujibu kwamba muundo si mmoja. Jibu hilo hurudiwa hata na watu waliosoma: eti mono na poli zina muundo wa fuwele tofauti. Hapo ndipo istilahi inapoharibika. Mono ni silikoni, poli ni silikoni, na muundo wao wa fuwele ni ule ule.

Fuwele ni kitu kigumu ambacho atomi zake zimejipanga kwa utaratibu unaojirudia pande zote. Muundo wa fuwele ni huo utaratibu wenyewe: atomi ipi inakaa wapi, ina majirani wangapi, kwa umbali gani na kwa pembe ipi. Ndani ya silikoni kila atomi ina majirani wanne, sawasawa na kaboni ndani ya almasi, na mchemraba unaojirudia una upande wa nanomita 0.543. Umbo la nje, rangi na ukubwa ni mambo mengine kabisa, ingawa mara nyingi hutoa habari za ndani.

Waswahili wa pwani walikuwa na neno tayari. Waarabu huiita fuwele billawr, nasi tukalichukua likawa bilauri. Lakini bilauri yetu ni chombo cha kunywea, tena cha kioo, na kioo hakina muundo wa fuwele: atomi zake ziliganda ovyo kabla hazijapata nafasi ya kujipanga. Kulipa neno bilauri kazi ya fuwele kungempoteza mwanafunzi tangu somo la kwanza. Mtu wa Goma hahitaji maabara kuiona tofauti hiyo ya kioo na fuwele. Lava ya mlima Nyiragongo iliyoingia mjini Januari 2002 ilipoa upesi kwa juu, ikabaki na ngozi yenye kioo kingi. Kwa ndani ilipoa taratibu, na fuwele zikapata muda wa kukua. Kuta nyingi za mji huu zimejengwa kwa mawe hayo.

Sasa turudi kwenye plake na seli zake. Seli ya mono ni kipande cha fuwele moja tu, kutoka ukingo hadi ukingo. Seli ya poli ni punje nyingi zilizoshikana: ndani ya kila punje atomi zimepangwa vilevile, ila kila punje imeelekea upande wake, kama vikosi vya gwaride vilivyopangwa vizuri lakini kila kimoja kinatazama jukwaa lake. Kwa hiyo mono napendekeza iitwe fuwelemoja, na poli fuwelenyingi. Kinachozitofautisha ni idadi ya punje na mwelekeo wake. Muundo haujaguswa.

Njia rahisi za kuzitambua ni kadhaa, na si zote zenye uzito sawa. Inayojulikana zaidi ni pembe za seli. Fuwelemoja huvutwa polepole kutoka kwenye silikoni iliyoyeyuka, kwa njia iliyobuniwa na Jan Czochralski, mkemia wa Poland, mwaka 1916. Kinachotoka ni gogo la mviringo, na likichongwa ili seli zikaribie kuwa mraba, pembe hubaki zimekatwa. Fuwelenyingi humwagwa katika chungu cha mraba, ndiyo maana pembe zake ni kamili. Ila usiitegemee sana dalili hii. Seli za siku hizi zina pembe zilizokatwa kidogo mno, nyingine zimegawanywa nusu kwa leza, na ukiangalia upande usio sahihi utaona pembe kamili.

Tochi ya simu ni shahidi bora. Ilaze plake, imulike kwa ubavu, kisha iinamishe taratibu huku na huku. Kwenye fuwelenyingi vipande vyenye kingo kali vitawaka na kuzimika kimoja baada ya kingine, kwa sababu kila punje inarudisha mwanga kwa pembe yake. Kwenye fuwelemoja uso wote hubadilika kwa pamoja. Ikiwa ni plake ndogo ya rangi ya kahawia au zambarau iliyosawazika, kama zile za kikokotoo, basi huenda ni silikoni amofasi: haina punje, haina utaratibu, na hapo neno fuwele halina kazi.

Rangi ndiyo inayowadanganya wengi. Ubuluu wa poli hautoki kwenye silikoni. Unatoka kwenye utando wa nitridi ya silikoni, mwembamba chini ya nanomita 100, uliopakwa ili mwanga usirudi nje. Weusi wa mono ndio wenye hadithi. Kiwandani seli huchovywa katika maji ya alkali, na alkali hula silikoni kwa upendeleo: nyuso fulani za fuwele huliwa haraka, nyingine hukataa. Kinachobaki ni piramidi ndogo mno, macho hayazioni, zote zimesimama wima na mbavu zake zina mwinamo wa nyuzi 54.7. Mwanga ukiingia kati ya piramidi hizo hugongagonga na hautoki kirahisi, ndiyo maana seli ni nyeusi. Pembe hiyo haikuchaguliwa na mhandisi yeyote. Imewekwa na muundo wa fuwele wenyewe.

Seli iliyovunjika inasema zaidi. Nyufa za fuwelemoja hupenda kwenda moja kwa moja kwa mshazari, nyuzi 45 kutoka ukingoni, kwa kuwa silikoni hupasuka kwa kufuata tabaka zake dhaifu. Seli tupu ukiibonyeza katikati kwa ncha ya kalamu hufanya msalaba. Ufa wa fuwelenyingi hupindapinda kila unapoingia punje mpya. Ukijaribu, vaa glavu: vigae vya silikoni vinakata.

Je, upo mfano wa vifaa vya jua ambamo muundo wenyewe ndio unaobadilika? Upo, na jina lake limo katika lava yetu. Mwaka 1839 mwanamadini Gustav Rose alieleza madini kutoka milima ya Ural, akayaita perovskaiti kwa jina la Lev Perovski. Ni oksidi ya kalsiamu na titani, nayo imo kwa punje ndogo katika lava ya Nyiragongo. Mwaka 2009 kundi la Tsutomu Miyasaka huko Japani lilitengeneza seli ya jua ya perovskaiti yenye ufanisi wa asilimia 3.8, leo seli za maabara zimepita 25. Ndani ya perovskaiti hiyo hamna kalsiamu wala titani. Mna risasi na iodini. Ilichorithi kwa madini ya Ural ni muundo peke yake.

Na hapa jicho linatosha kuona muundo ukigeuka. Perovskaiti ya formamidini, risasi na iodini ni nyeusi. Ikiachwa katika joto la kawaida huweza kugeuka njano: atomi ni zile zile, mpangilio ni mwingine, na umeme unapungua sana. Hata penseli inasaidia. Mwaka 1926 Victor Goldschmidt alitoa hesabu ya kutabiri iwapo ioni tatu zitakubali kukaa katika muundo huu, kwa kulinganisha nusu kipenyo cha kila moja. Jibu likiwa kati ya 0.8 na 1, inawezekana. Kwa kalsiamu, titani na oksijeni linatoka 0.97.

Umbali kati ya atomi hauonekani kwa tochi wala penseli. Huo ulifunguliwa na eksirei, kwa kazi ya Bragg baba na Bragg mwana mwaka 1913. Saga seli ya mono iwe unga, saga na ya poli, uzimulike kwa eksirei za shaba: zote mbili zitatoa mstari wa kwanza kwenye nyuzi 28.4, na mistari iliyobaki mahali pale pale.

Tangu 2020 Goma ina kituo cha jua cha megawati 1.3 pale Ndosho, cha kampuni yenye jina la Kiswahili, Nuru. Walimu na mafundi wa mji huu, naomba tuandike fuwelemoja na fuwelenyingi tunapozungumzia plake, na muundo wa fuwele tuuache kwa mpangilio wa atomi.