Ruhusa Anayoombwa Asiyejua

Windows Vista ilipoanza kuuzwa kwa umma Januari 2007, watumiaji walikumbana na jambo geni: programu ikitaka kubadili mfumo, skrini ilififia, kidirisha kikajitokeza kuomba idhini. Lawama zilikuwa nyingi. Naona zilielekezwa pasipo. Kuuliza hakukuwa kosa. Kosa ni kumuuliza mtu jambo asilo na njia ya kulijua.

Katika Windows XP, akaunti iliyofunguliwa wakati wa kusakinisha mfumo ilikuwa ya msimamizi, na kila programu aliyoiendesha mwenye akaunti ilirithi mamlaka yake yote, hata ikiwa ni mchezo wa karata tu. Hali hiyo ilikiuka kanuni ambayo Jerome Saltzer na Michael Schroeder waliieleza mwaka 1975: programu ipewe mamlaka yanayotosha kazi yake, basi. Vista ilimgawia msimamizi mamlaka mawili, ya kawaida kwa shughuli za kila siku na kamili yanayosubiri idhini. Hata kufifia kwa skrini si pambo, kwani kidirisha huonyeshwa mahali palipotengwa ambapo programu nyingine haiwezi kubofya “Ndiyo” kwa niaba ya mtumiaji.

Mpango huo ni mzuri, lakini unamwelemea binadamu. Kidirisha hutaja jina la programu na mchapishaji wake, bila kusema nini hasa kitabadilishwa. Saini ya kidijitali nayo huthibitisha aliyeitia, haithibitishi nia yake. Mtumiaji wa kawaida atapima kwa kigezo gani? Adrienne Porter Felt na wenzake walipochunguza ruhusa za simu za Android mwaka 2012, ni asilimia 17 tu ya washiriki waliozizingatia wakati wa kusakinisha programu. Sikubali kwamba huo ni uzembe wa watu. Anayeulizwa mara kwa mara asichokielewa hujifunza kukubali ili aendelee na kazi.

Waliobadilika kweli ni waandishi wa programu. Mwaka 2008 Microsoft ilieleza kwamba programu na kazi tofauti zilizosababisha kidirisha cha Vista zilikuwa zimepungua kutoka 775,312 hadi 168,149. Programu zilizokuwa zikihifadhi mipangilio yake ndani ya folda za mfumo bila sababu zilihamishia mipangilio hiyo kwenye folda za mtumiaji. Faida hii naithamini kuliko zote, maana haitegemei umakini wa mtu aliyechoka.

Mtumiaji mwenyewe abakiziwe swali analoliweza: je, jambo hili nimelianzisha mimi? Kidirisha kinachofuata baada ya kufungua faili ya usakinishaji kina sababu. Kinachoibuka ukiwa unasoma barua pepe tu kikataliwe. Programu halali itaomba tena. Kipimo hicho, hata hivyo, hakimwokoi aliyedanganywa akapakua programu bandia kwa mkono wake, kwa kuwa kwake yeye kila kitu kimeanza kama alivyotaka.

Ndiyo maana katika ofisi na shule napendekeza akaunti ya kawaida kwa kila mfanyakazi na mwanafunzi, na nywila ya msimamizi ikae kwa fundi wa kompyuta. Hapo kidirisha hakitosheki na “Ndiyo”. Kinadai nywila, na ombi humfikia mtu anayeweza kuuliza programu imetoka wapi na inahitajika kwa kazi gani.