Kifaru amewaka au kimewaka?

Kifaru wa mbugani anakimbia. Kifaru cha vita kinakimbia. Wingi wa maneno yote mawili ni vifaru, lakini upatanisho wa sarufi humtenga mnyama na chuma.

Chukua mfano wa kifaru cha vita: Makumbusho ya Bovington, Uingereza, yanatunza kifaru cha Kijerumani, Tiger 131, kilichotekwa Tunisia mwaka 1943. Kina uzito unaozidi tani 50. Mafundi walikifungua, wakakirekebisha na kukifungia injini ya Maybach iliyotoka kwenye kifaru kingine. Kikawaka, kikatembea tena kwa minyororo yake, na mwaka 2014 kikaonekana katika filamu ya Fury.



Basi, mwandishi anayeripoti kwamba “kifaru amepigwa kombora” anawashtua bure askari wa wanyamapori.