Tarikhi ya Santuri Katika Nchi ya Chai

Mtu wa Sigor, nayo ni Sigor ya Chepalungu wala si ile ya Pokot, aliyetamani santuri mpya katika miaka ya 1970, alipanda basi hadi Bomet, akapita Sotik, Kapkatet na Litein, hata akawasili Kericho, ambako A. P. Chandarana, mfanyabiashara mwenye asili ya Kihindi, hakutosheka na kuuza nyimbo za watu wengine, bali aliwarekodi wanamuziki wa nchi hiyo na kuzitoa nyimbo zao kwa jina lake.

Duka la Chandarana lilisitawi kwa sababu ya chai. Tangu miaka ya 1920 mashamba makubwa, yakiwemo ya Brooke Bond na James Finlay, yaliwavuta vibarua wa Kijaluo, Kikisii na Kiluhya wakaishi jirani na Wakipsigis. Na kibarua aliye mbali na kwao, akishapokea ujira wake, aghalabu hatamani kitu kama kusikia lugha ya mama yake ikiimbwa. Ndiyo maana benga ya Kijaluo ilikaa rafu moja na nyimbo za Kipchamba arap Tapotuk na bendi yake ya Koilong'et, aliyewafanya Wakipsigis waione lugha yao ina hadhi ya kuwekwa katika santuri.

Sahani yenyewe ilikuwa ya inchi 7, na mara nyingi wimbo mmoja ulikatwa vipande viwili: upande wa kwanza ulibeba maneno, kisha sindano ikainuliwa, sahani ikageuzwa, na hapo magitaa yakashika kasi na watu wakainuka kucheza.

Wala gramofoni haikuwa ngeni huko. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Kiafrika, alipofika Kapkatet na mitambo yake ya kurekodi, wasichana wa Kipsigis walimwimbia Chemirocha, kiumbe nusu mtu nusu paa, ambaye asili yake ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani waliyekuwa wameisikia sauti yake katika santuri.

Kilichoiangusha biashara hii ni kanda. Santuri ilihitaji kiwanda cha kuichapa, nacho kilikuwa Nairobi. Lakini kanda ilitaka redio-kaseti mbili tu na usiku mmoja wa kazi, na mwizi wa nyimbo akauza kwa bei ambayo mwenye kumlipa mwanamuziki hawezi kuifikia kamwe. Sheria ya hakimiliki ya 2001 ilikuja wakati soko limekwisha kuharibika, na baada ya kanda zikaja CD, kisha kibanda cha kujaziwa nyimbo katika simu.

Yapo maduka makubwa zaidi yaliyoanguka. HMV, iliyofunguliwa na mtunzi Edward Elgar katika Oxford Street, London, mwaka 1921, ikaenea Uingereza nzima, iliwekwa mikononi mwa wasimamizi wa mufilisi Januari 2013, na tena mwishoni mwa 2018. Lakini Waingereza walipoteza mahali pa kununulia tu, kwani nyimbo zenyewe zilibaki salama katika ghala za kampuni zilizozirekodi. Kwetu muuzaji na mrekodi walikuwa mtu mmoja, kama walivyokuwa Assanand wa Mombasa, waliouza santuri na kurekodi taarabu kwa nembo yao ya Mzuri. Na biashara ya namna hiyo ikidhoofika, hazina ya nyimbo nayo hukosa mlinzi.

Mwaka 2015 nyimbo alizorekodi Tracey zilirudishwa kwa wazee wa Kipsigis, baadhi yao wakiwa ndio walioimba, nami naliona jambo hilo kuwa la insafu kubwa. Santuri za Kericho zinastahili taadhima hiyo hiyo. Serikali za kaunti za Bomet na Kericho zingezikusanya sahani zilizobaki majumbani, kuanzia Sigor hadi Litein, na kuzinakili kwa idhini ya wenyewe na warithi wao, kabla mchwa na unyevu havijazifikia.