Kiboko kilikuwa na kanuni zake
Wasee, mnajua kiboko shuleni kiliwahi kuwa na kanuni rasmi? Zile za 1972 zilimruhusu mwalimu mkuu kuchapa, lakini viboko visizidi sita, na si mbele ya wanafunzi wengine. Zikafutwa 2001. Kisha Katiba ya 2010, Kifungu cha 29, ikatukinga sote na adhabu ya viboko.

Mimi nilianza shule baadaye, na bado nilichapwa mbele ya paredi. Nyumbani pia. Ndio maana nilipoacha chuo, nilimficha Mathe miezi miwili. Alipojua, aliketi tu, akaniuliza, "Ni nini ilikulemea?" Nikamwambia kila kitu.

Serikali ilifuta kiboko kwa karatasi. Kwetu kilifutwa na hilo swali.