Kura katika Jumuiya za Intaneti: Sauti au Bahati?

Neno kura tumelipata kwa Waarabu, na asili yake, qur'a, ni kupigia jambo bahati nasibu: majina huchanganywa, kisha moja hutolewa pasipo mtu kuchagua. Waarabu wenyewe, wakitaja rai ya mchaguzi, husema sawt, neno lile lile lililokuwa kwetu sauti. Katika insha hii fupi nakusudia kuuliza: jumuiya za intaneti zinapopiga kura, tusikiacho ni sauti au ni bahati?

Mwaka 1785 Condorcet, mwanahesabu wa Ufaransa, alieleza nguvu ya wengi. Watu watatu, kila mmoja akiweza kupatia mara 6 katika 10, wakifuata rai ya wengi wao watapatia kama mara 65 katika 100. Idadi ikizidi, uhakika nao huzidi. Walakini hesabu hiyo ina masharti mawili: kila mtu aamue kwa akili yake, tena awe mwepesi wa kupatia kuliko kukosa. Wakiwa wepesi wa kukosa, wingi wao huzidisha kosa.

Mwaka 2016 baraza la utafiti la Uingereza liliwaalika watu kuchagua kwa intaneti jina la meli ya kwenda ncha za dunia. Jina la mzaha, Boaty McBoatface, lilipata kura 124,109 na kuyashinda yote. Serikali haikulikubali, meli iliitwa Sir David Attenborough, na jina la mzaha likapewa chombo kidogo cha kuzamia. Waliopiga kura hawakuwa na daftari la wachaguzi, wala hakuna miongoni mwao aliyepasika kusafiri katika meli ile.

Kinyume chake ni Debian, jumuiya ya watunga programu za kompyuta, iliyopata katiba yake mwaka 1998. Humo mpiga kura ni mwanachama aliyekwisha kutambuliwa, na mjadala hutangulia kura. Mapendekezo hupangwa kwa daraja, kisha kila moja hushindanishwa na jingine, kwa kanuni ya Condorcet yule yule. Akidi nayo ipo: wanachama wakiwa 1,000, pendekezo halipiti lisipopata watu 48 wanaolipenda kuliko kuacha mambo yalivyo.

Jambo hili latuhusu sisi wa lugha, maana istilahi mpya nazo hubishaniwa intanetini, na wako wapendao zikatwe kwa kura. Wahenga walisema, wengi wape, usipowapa watajipa. Naam, lakini wengi wa methali ni wenyeji wa mji, wanaojuana kwa majina, na uamuzi ukiharibika watakaa nao. Yafaa basi tuwahesabu watu kabla ya kuzihesabu kura. Tusipofanya hivyo, kura itarudia maana yake ya kale, nasi tutaidhania bahati kuwa ni sauti.