Mafunzo ya aina za familia kwa watoto wadogo

Mafunzo ya aina za familia ni sehemu ya malezi na elimu ya awali ambamo mtoto wa miaka 3 hadi 8 hujifunza kuwataja watu wa kwao, kujua wanavyohusiana naye, na kuona kwamba nyumbani kwa mwenzake panaweza kuwa na watu tofauti na bado pakawa nyumbani. Kenya huyaanza katika madarasa ya awali ya PP1 na PP2. Tanzania, katika darasa la awali, lililofanywa la lazima na Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014.

Picha iliyozoeleka vitabuni ni ya baba, mama, mtoto wa kiume na wa kike. Familia hiyo ipo na haina kasoro. Kasoro huja picha hiyo inapobaki peke yake ukutani mwa darasa.

Mwalimu wa Kiswahili ana bahati, kwa kuwa lugha imekwisha kumwandalia somo. Dada wa mama ni mama mkubwa au mama mdogo, kaka wa baba ni baba mkubwa au baba mdogo. Hivyo mtoto huingia darasani akiwa tayari na mama na baba kadhaa. Katika ndoa ya mitala, mke mwenza wa mama naye ni mama. Wapo ndugu wa tumbo moja, ndugu wa kambo, na ndugu wa kunyonya, ambao waliwahi kunyonyeshwa na mwanamke mmoja na katika Uislamu hawaoani. Tawi la ukoo huitwa mlango, na mtoto akiambiwa kwamba yeye na fulani ni wa mlango mmoja, amefundishwa ukoo kwa kitu anachokifungua kila siku.

Nyumba zenyewe ni nyingi kuliko picha. Wapo wanaolelewa na bibi baada ya wazazi kufariki au kwenda mjini kutafuta. Miongoni mwa Wakurya wa mkoa wa Mara nchini Tanzania, katika desturi ya nyumba ntobhu, mwanamke humtolea mahari mwanamke mwenzake, na watoto wanaozaliwa huwa wa nyumba ya aliyetoa mahari. Waislamu wana kafala: mtoto hulelewa kwa mapenzi yote huku akibaki na jina la baba yake mzazi. Kafala imetajwa katika Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, na Sheria ya Watoto ya Kenya ya 2022 inaitambua. Nchini Rwanda, baada ya mauaji ya kimbari ya 1994, kaya nyingi ziliongozwa na watoto wenyewe. Wanafunzi manusura wa chuo kikuu walianzisha chama cha AERG mwaka 1996, wakajipanga katika familia na kuchagua baba na mama kati yao.

Zoezi linaloumiza ni lile la kuchora baba na mama. Mtoto wa kwa bibi hubaki ameshika penseli, au huchora watu asiowakumbuka. Swali likigeuzwa, mkono huenda: nani hukuamsha asubuhi? Nani hukukorogea uji? Ukiumwa, nani hukubeba? Hapo huchorwa bibi na khanga yake, mjomba na baiskeli, dada mkubwa na ndoo kichwani. Mwalimu aandike chini ya mchoro jina lile lile alilotamka mtoto. Kama bibi anaitwa mama, iandikwe mama. Michezo ya kupika, ambayo Kenya huitwa kalongolongo, nayo hufundisha: atazamwe mtoto anachagua kuwa nani, naye anayetaka kuwa bibi aachiwe.

Ngano zichaguliwe kwa uangalifu. Mama wa kambo mkatili amejaa katika hadithi zetu, na mtoto anayelala salama kwa mama wa kambo huzisikiliza kwa mashaka. Asimuliwe pia kuhusu mama wa kambo aliyelea vyema. Wala mtoto asisimamishwe mbele ya wenzake aeleze aliko baba yake. Mambo ya kifo na kutengana huongelewa faraghani, na mlezi akiwapo.

Mwalimu, kabla ya kugawa karatasi, jua kila mtoto wako analala kwa nani.